Mkono uchague ukubwa, koo lichague tyuni: namna ya kupata ukulele inayokufaa

Wanakwaya wanaponijia kuuliza wanunue ukulele ipi, kile chombo kidogo cha nyuzi nne kama gitaa, wengi huanza na bei, na wengine huanza na rangi. Mimi huwaomba vitu viwili. Nionyeshe mkono wako wa kushoto, halafu niimbie ubeti mmoja wa wimbo unaoupenda, bila chombo chochote. Mkono ndio unaoniambia saizi. Koo ndilo linaloniambia tyuni, yaani noti ambazo nyuzi zitakazwa kuzitoa. Mtu akichanganya mambo haya mawili, akachagua saizi kwa sababu ya sauti au tyuni kwa sababu kitabu kimesema, ukulele huishia kuning'inia ukutani, na hilo linaniuma, maana ni chombo chepesi kuliko vyote nilivyowahi kumfundisha mtu mzima.

Nafundisha kwaya hapa Moshi, na ukulele nawafundisha watoto wa Jumapili pamoja na watu wazima wa sauti zote nne. Kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya kwaya. Kama unasoma d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti), tayari una nusu ya maarifa yanayohitajika.

Ukulele zinatengenezwa kwa saizi kuu nne: soprano, konsati, tenori na baritoni. Majina haya usiyahusishe na sauti yako ya kuimba. Mwanamume wa sauti ya nne, yaani besi, anaweza kupiga soprano, na mama wa sauti ya kwanza anaweza kupiga baritoni. Ni majina ya ukubwa tu. Kutoka kichwani hadi kitakoni soprano ina karibu sentimita 53, konsati 58, tenori 66, baritoni 76. Urefu huo unakusaidia kununua mfuko wa kubebea. Urefu unaouhusu mkono wako ni wa uzi unaolia, yaani kuanzia ule mfupa mdogo ulioko juu ya shingo unaopitisha nyuzi, mpaka kwenye daraja lililogundishwa tumboni. Kwa soprano ni kama sentimita 34, konsati 38, tenori 43, na baritoni kati ya 48 na 51. Gitaa la kawaida lina karibu 65.

Watu husema soprano ni ya watoto. Sikubaliani nao. Soprano ndiyo ukulele ya asili. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii. Miongoni mwao walikuwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao Madeira kulikuwa na vyombo vidogo vya nyuzi, machete na rajão, na mikononi mwa maseremala hao watatu ukulele ikazaliwa: umbo kutoka machete, tyuni kutoka rajão. Mfalme Kalākaua wa Hawaii aliipenda, ikapigwa katika sherehe zake. Konsati na tenori zilikuja miaka ya 1920, watu walipotaka chombo chenye sauti kubwa zaidi jukwaani, na baritoni ikafuata miaka ya 1940. Basi mtu mzima akichukua soprano hajachukua kichezeo. Amechukua ile ya kwanza. Swali ni kama vidole vyake vinaenea.

Sasa mkono. Ukifika dukani usicharaze kwanza. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, ikumbatie ukulele kwa mkono wa kulia, kigasha kikiikandamiza taratibu kifuani, halafu ulegeze mkono wa kushoto kabisa. Ikibaki mahali pake, saizi hiyo mwili wako unaibeba. Ikianza kuteleza, itahitaji mkanda. Soprano na konsati kwa kawaida hazihitaji. Tenori karibu zote huteleza, na baritoni hukaa pajani kama gitaa. Mkanda si aibu. Mafundi cherehani wetu wanashona mkanda wa kitenge wenye kitambaa kigumu ndani, na ukishaufunga, mkono wa kushoto unaacha kazi ya kubeba shingo na kubaki na kazi yake ya kubonyeza nyuzi. Nimeona maumivu ya kiganja yakiisha kwa mkanda peke yake.

Kisha pima kwa kordi tatu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Nitaziandika kwa namba nne, kuanzia uzi ulio karibu na kidevu chako kwenda chini: uzi wa G, wa C, wa E, wa A. Namba ni freti unayobonyeza (freti ni vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo), na sifuri ni uzi unaoachwa wazi.

Ya kwanza ni D, 2220. Vidole vitatu vinapangwa kwenye freti moja, nyuzi tatu zilizofuatana. Hii inapima unene wa vidole. Donoa uzi mmoja mmoja. Uzi wa A, ambao hujaubonyeza, ukiwa kimya au ukitoa mkwaruzo, kidole cha jirani kinauegemea. Hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza watu: mwenye vidole vinene anaambiwa achukue tenori. Lakini tenori nyingi zina shingo yenye upana uleule wa konsati, yaani kama milimita 35 pale kwenye mfupa wa juu. Urefu umeongezeka, nafasi kati ya nyuzi imebaki vilevile. Mwenye vidole vinene anatakiwa kutafuta shingo pana, milimita 38 ikipatikana, na aende na rula mfukoni. Fundi seremala mmoja katika darasa langu, vidole vyake kama vishikio vya randa, alitulia kwenye konsati ya shingo pana baada ya kujaribu tenori mbili zilizomshinda.

Ya pili ni E, 1402. Kidole cha shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa G, cha kati freti ya pili ya uzi wa A, na cha mwisho kinyooke hadi freti ya nne ya uzi wa C. Hii inapima mtanuko. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kwenye soprano ni kama sentimita 5, kwenye konsati karibu 5.7, tenori 6.5, baritoni zaidi ya 7. Sentimita moja na nusu kati ya soprano na tenori inaonekana ndogo ukiisoma, ila kidole cha mwisho cha mtoto wa darasa la tatu kinaijua vizuri. Ukilazimika kukunja kiwiko au kuinua bega ili ufike, shuka saizi moja. Na kinyume chake: kama vidole vinapandana, panda saizi moja.

Ya tatu ni B bapa (bapa ni noti iliyoshushwa nusu toni), 3211. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi mbili za chini, cha kati na cha pete vinapanda ngazi. Hii inapima nguvu, na ndiyo inayowakatisha tamaa wanaoanza. Lakini ikikuuma, usikimbilie kubadili saizi. Angalia kwanza mfupa wa juu. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, halafu chungulia pale kwenye freti ya kwanza: kati ya uzi na chuma cha freti panatakiwa kubaki uwazi mdogo sana, wa kupitisha karatasi tu. Ukiona pengo kubwa, mitaro ya ule mfupa haikuchimbwa vya kutosha, na kila kordi ya karibu na kichwa itakuwa ngumu na itapanda sauti kidogo ukibonyeza. Pima pia kwenye freti ya 12: kutoka chuma hadi uzi, milimita 3 zinatosha. Fundi magitaa anarekebisha mambo haya kwa muda mfupi, na ukulele iliyokuwa adui inageuka rafiki. Nawasihi wazazi walifanye hili kabla hawajasema mtoto hana kipaji.

Kuna jaribio moja zaidi, la sikio. Donoa uzi wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 na udonoe tena. Ziwe do ya chini na do ya juu, safi. Kama ya juu imepanda au imeshuka kiasi cha kukuudhi, huenda freti au daraja vimewekwa vibaya, na hakuna tyuni itakayoiponya. Irudishe ilikotoka.

Mkono ukishachagua, tuje kwenye koo.

Tyuni ya kawaida ya ukulele ni G, C, E, A, na C hapo ni C ya katikati ya kinanda. Mwanakwaya, iimbe kwa ufunguo wa C: so, do, mi, la. So iko juu, kisha unashuka hadi do, unapanda mi, unapanda la. Iimbe mpaka izoeleke, kwa sababu ukishakuwa nayo kichwani unaweza kutyuni ukulele kwa kupewa noti moja tu. Mimi huwapa watoto do kutoka kwenye kinanda, nao wanazitafuta nyingine tatu kwa sikio, na programu ya simu inakuja mwisho kuhakikisha.

Jambo ambalo vitabu vingi havilisemi waziwazi ni hili: tyuni zote zinazotumika sana kwenye ukulele ni so, do, mi, la. Maumbo ya vidole hayabadiliki. Unachochagua ni viwili tu, do yako iwe noti gani, na so iwe ya juu au ya chini.

Tuanze na do. Wimbo wako ule ulioniimbia, uimbe tena kwa raha, pasipo kukaza shingo, kisha tafuta do yake kwenye kinanda. Do ikiangukia C au D, tyuni ya kawaida itakufaa. Ikiangukia G au A, bado huna shida, maana kordi za funguo hizo ziko jirani na ni rahisi. Tatizo liko kwenye bapa. Nyimbo nyingi za kwaya zimeandikwa do ni B bapa, E bapa au A bapa, kwa sababu hapo ndipo sauti nne zinapokaa vizuri pamoja. Ukizipiga kwa tyuni ya C unakutana na kordi ngumu mfululizo, na anayeanza ananyoosha mikono. Basi shusha nyuzi zote toni moja nzima: F, B bapa, D, G. Sasa umbo la C, 0003, ambalo ni kidole kimoja, linatoa B bapa. Umbo la F, 2010, linatoa E bapa. Umbo la G7, 0212, linatoa F7. Kwaya inaimba kwenye ufunguo wake uliozoeleka, na wewe unapiga kordi ulizojifunza wiki ya kwanza.

Lakini tyuni hii haikubaliwi na saizi zote, na hapa mkono na koo vinakutana. Ukishusha toni moja, mvuto wa uzi unapungua kwa karibu moja ya tano. Soprano, ambayo nyuzi zake ni fupi na hazina mvuto mkubwa tangu mwanzo, inalegea na kutoa mkwaruzo. Konsati inavumilia. Tenori inafurahia, tumbo lake kubwa linaipokea sauti ya chini, na vidole vinapumzika. Kwa mwanamume wa sauti ya nne anayetaka kujipigia huku akiimba, tenori yenye do B bapa ndiyo chaguo langu la kwanza, na sijapata sababu ya kulibadili.

Kupandisha ni kinyume. A, D, F kali (F iliyopandishwa nusu toni), B, yaani do ni D, ilikuwa tyuni iliyopendwa sana Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na Kanada iliingia mashuleni kupitia mwalimu J. Chalmers Doane, aliyetumia so ya chini. Kwenye soprano inang'aa, na sauti za watoto zinapenda do ni D. Ila kupandisha toni moja kunaongeza mvuto kwa kama robo. Kwenye tenori iliyofungwa nyuzi za C usijaribu. Daraja linaweza kung'oka. Afadhali kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya pili, unapata do ni D bila kugusa funguo za kukazia, na wimbo ukiisha unaitoa.

Sasa so. Iwe juu au chini?

So ikiwa juu, nyuzi zote nne zimesongamana ndani ya toni chache. Ukicharaza, kordi inasikika pamoja, inachangamka, haina besi ya kugongana na kinanda wala ngoma. Hiyo ndiyo sauti ambayo watu wanaifahamu kuwa ni ya ukulele. Kwa kucharaza na kuimba, baki nayo.

Shida inaanza unapotaka kupiga sauti ya wimbo yenyewe, uzi kwa uzi. Fikiria mapambio na nyimbo unazozijua: ngapi zinaanza na so ya chini ikirukia do? Ni nyingi mno. Kwenye tyuni ya C yenye so ya juu, hakuna noti chini ya C. So ile ya chini haipo kabisa, na wimbo unakatika mguu pale mwanzoni. Una njia mbili. Ya kwanza haina gharama: ipige nyimbo hiyo kwa ufunguo wa F. Do inakuwa uzi wa E freti ya kwanza, na so ya chini inakuwa uzi wa C ukiwa wazi. Ya pili ni kufunga uzi mnene wa G ya chini, unaokupa noti tano za ziada kuelekea chini. Hapo ukulele inakuwa sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa zilizobanwa kapo kwenye freti ya tano. Wapiga gitaa wanaohamia ukulele hupendelea hii, na kwenye tenori inalia vizuri. Kwenye soprano inasikika nzito na butu, siishauri.

Usishushe uzi uleule wa G kwa oktava ukidhani utapata G ya chini. Utalegea kama kamba ya nguo. Lazima ununue uzi mnene, na usipoupata, uzi wa nne wa gitaa la nailoni, yaani ule wa D wenye waya laini uliozungushwa, unaweza kuvutwa mpaka G kwenye tenori na ukafanya kazi. Mtaro wake kwenye mfupa wa juu utapanuliwa kidogo ili uzi usikae juujuu.

Na hili nalisema kwa mkazo: nyuzi za chuma za gitaa usifunge kwenye ukulele ya nyuzi za nailoni, hata moja. Uso wake ni mwembamba na haukutengenezwa kwa mvuto huo. Kuhusu nyuzi zinazofaa, nailoni ni laini na zinasamehe vidole vya wazee wenye baridi yabisi. Floukaboni, aina nyingine ya nyuzi za plastiki, ni nyembamba zaidi na sauti yake ina makali. Nunua seti iliyoandikwa saizi ya ukulele yako. Uzi uleule ukiutoa kwenye soprano ukaupeleka tenori na kuuvuta hadi noti ileile, mvuto unaongezeka kwa kama asilimia 60, kwa hiyo watengenezaji hubadili unene kulingana na saizi, wala si hila ya biashara.

Baritoni nimeiacha nyuma kwa sababu ina mambo yake. Hutyuniwa D, G, B, E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa, na so iko chini. Kwa lugha yetu bado ni so, do, mi, la, ila do ni G. Umbo la C linatoa G, umbo la F linatoa C. Mpiga gitaa anaishika na kuendelea. Mwanafunzi mpya aliyekaa kwenye kundi la watu wenye tyuni ya C atapotea, kwa kuwa mwalimu akitaja C wenzake wanaweka kidole kimoja na yeye inabidi aweke umbo jingine. Namshauri anayepiga peke yake nyumbani, au anayeongoza sauti ya chini, au mwenye mikono mikubwa ambaye tenori bado inambana.

Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi mpe soprano, do ni C, so ya juu. Mtu mzima asiye na hakika mpe konsati kwa tyuni hiyohiyo. Kundi zima litumie do moja, hata kama kuna mmoja ambaye B bapa ingemfaa zaidi; yeye atapata nafasi akiwa peke yake.

Nyuzi mpya hazitulii. Zitashuka kila baada ya wimbo mmoja au miwili kwa siku kadhaa, na wengi hudhani funguo za kukazia ni mbovu. Ukishafunga, shika kila uzi katikati, uvute taratibu kwa vidole viwili kutoka kwenye uso wa ukulele, urudishe kwenye noti yake, urudie mpaka uache kushuka. Unapotyuni, anza daima chini ya noti na upande kuifikia. Ukiipita, shuka chini yake tena kisha upande, maana uzi ulioachwa ukiwa umetoka kulegezwa hushuka zaidi katikati ya wimbo. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, hasa ninyi wa Dar es Salaam na Tanga: gundi ya daraja inalainika, na nyuzi zinamalizia kazi.